Macho ya juu inaona udongo unatembea: nani atatuambia siye wa chini?

Mvua iko inanyesha mu Katanga, na kila mutumikaji wa mugodi anajua maana yake. Ukuta wa karieri unakunywa maji, udongo unakuwa muzito, na shimo lenye lilikuwa nguvu wakati wa kiangazi linaanza kumomonyoka. Ni mu miezi hii njo tunasikiaka sana habari za watu wenye wamefunikwa na udongo. Na ku kila kilio watu wanarudilia ulizo moja tu: hakukuwa hata mutu mumoja mwenye aliona ile mambo inakuja?

Siku hizi ni nguvu kujibia ile ulizo. Wakati fulani kuko mwenye angeweza kuona, lakini haiko mutu. Ni satelite yenye inapita karibu kilometre 700 juu ya vichwa vyetu. Inatazama Kolwezi, Likasi na Lubumbashi, na foto zake kila mutu anaweza kuzichukua ku intaneti bila kulipa hata franka moja.

Basi shida ya leo haiko tena kukosa macho. Shida ni njia. Habari yenye macho ya juu inaona inapitia ku mikono ya nani, inafika wapi, na juu ya nini haifikake ku ule mwenye kushuka mu shimo asubui? Tunaandika juu ya ile leo sababu mupango wa dunia nzima wa kuchunga dunia yetu umeingia mu kipindi kipya mwaka huu wa 2026, na mu kambi zetu za migodi karibu hakuna mwenye anauzungumuzia.

Mupango ulitokea wapi

Watu wa hali ya hewa njo walitangulia kuelewana. Mvua haiombake ruhusa ku mupaka, na upepo hauna pasipoti. Njo maana tangu mwaka wa 1963 Shirika la Hali ya Hewa la dunia, lenye tunaitaka OMM, liliunganisha vituo vya inchi mingi, ili kila moja ipate vipimo vya mwenzake. Lakini juu ya misitu, maji ya chini, milima ya moto, udongo na mashamba, kila inchi ilikuwa na vyombo vyake, hesabu zake na kabati yake ya kufunga na ufunguo.

Na foto za juu zilikuwa na bei. Satelite ya kwanza ya Landsat, ya Marekani, ilirushwa mwaka wa 1972. Mu miaka ya 1980 foto moja ya Landsat iliweza kuuzwa dolare 4.400. Hata kisha bei kushuka, mu miaka ya 2000 ilikuwa ingali dolare 600. Chuo kikuu cha kwetu kingenunua foto ngapi? Na foto moja haitoshe: ili ujue kama udongo unatembea, unapaswa kuwa na mingi, za siku mbalimbali, za fasi moja.

Tarehe 31 Mwezi wa 7 mwaka wa 2003, wajumbe wa inchi 33 pamoja na Umoja wa Ulaya walikutana Washington. Walikubaliana kutayarisha mupango mumoja wa kuunganisha vyombo vyote vya kuchunga dunia: satelite za juu, mashua za kupima bahari, vituo vya mvua, vyombo vya kusikia tetemeko. Mwezi wa 4 mwaka wa 2004 walikutana tena Tokyo, wakaandika misingi.

Kisha ikakuja tarehe 26 Mwezi wa 12, 2004. Tetemeko kubwa mu bahari ya Hindi, karibu na Indonesia, likainua mawimbi, na watu zaidi ya 220.000 wakakufa. Vyombo vya kupima tetemeko vilisikia mu dakika chache tu. Mawimbi ilichukua karibu saa mbili mbele ya kufika Sri Lanka na India. Saa mbili ni mingi, mutu anaweza kutembea mbali. Lakini hakukuwa njia ya kupeleka habari kutoka ofisi ya wenye vyombo mpaka ku muvuvi mwenye alikuwa anashona wavu pembeni ya maji. Mawimbi ile ikaendelea mpaka huku Afrika. Mu Somalia watu wengi walikufa. Mu Kenya, serikali ilisikia mbele, ikaondoa watu ku pembeni ya bahari: alikufa mutu mumoja tu. Bahari ni moja na siku ni moja. Kwenye habari ilifika, watu walipona.

Miezi mbili haikutimia. Tarehe 16 Mwezi wa 2, 2005, mu Bruxelles, inchi karibu 60 zikakubali mupango wa miaka kumi. Kundi lenye linauongoza linaitwa GEO, ofisi yake iko Genève, mu nyumba ya OMM. Mwaka wa 2014 mupango uliongezewa miaka mpaka 2025. Na Mwezi wa 11, 2023, mu Cape Town, Afrika ya Kusini, waminisitiri walikubali njia ya kufuata kisha 2025. Leo serikali zaidi ya 100 ziko ndani.

Tusielewe mubaya. GEO haiko bwana wa satelite. Kila inchi inabakia na yake. Kile walipatana ni mambo tatu. Ya kwanza, kupima kwa namna moja, ili hesabu ya Japani na ya Brazili ziweze kujumulishwa. Ya pili, kuziba matundu, ili wote wasitazame fasi moja na kuacha ingine gizani. Ya tatu, kufungua kabati: vipimo vipatikane bila kizuizi, bure ao kwa bei kidogo sana.

Hii ya tatu njo ilibadilisha mambo. Mwaka wa 2008 Marekani ikaacha kuuzisha foto za Landsat. Ikazitoa bure, pamoja na zote za zamani. Tangu 2014 Ulaya ikaanza kurusha satelite za Sentinel, na foto zake ni za bure pia.

Namna gani radare inaona

Foto ya kawaida inaomba jua na mbingu safi. Kwetu, kuanzia Mwezi wa 11 mpaka wa 3, mawingu inafunika inchi, na satelite ya foto inaona pamba nyeupe tu. Njo maana ya radare. Sentinel-1 haingojee jua. Inatuma mawimbi yake yenyewe, inapenya mawingu, inapiga udongo, inarudi. Usiku ao muchana, mvua ao hapana, inaona.

Watumikaji wa zamani wa chini ya udongo wanajua ujanja mumoja: ukiona ufa ku ukuta, unapakaa simenti kidogo kati ya pande zake mbili. Kesho unarudia. Kama simenti imepasuka, ukuta uko unatembea, na unakimbia. Radare inafanya kazi ile ile. Inapita leo, inapita tena kisha siku kumi na mbili, inalinganisha mawimbi ya mara mbili. Kama udongo umeshuka milimetre chache, hesabu zinaonyesha.

Lakini tusidanganyane. Kila kipande cha foto ya Sentinel-1 ni karibu metre 5 kwa metre 20. Shimo la metre moja chini ya bâche, mu lupango ya nyumba, kama yale yenye ilichimbwa Kasulo mu Kolwezi, haionekane. Miti na majani mingi inachanganya mawimbi. Na ukuta wenye unapasuka asubui na kuanguka mangaribi, satelite yenye inapita kila siku 12 inaweza kukuta tayari umeanguka. Jicho la juu ni la mambo yenye kutembea polepole: ukuta mukubwa wa karieri, mulima wa mabaki, digue yenye kuzuia maji machafu ya kiwanda.

Na jicho lenyewe linaweza kufa. Satelite ya pili ya ile familia, Sentinel-1B, iliharibika Mwezi wa 12, 2021. Kwa miaka tatu dunia ilitegemea Sentinel-1A peke yake mu familia hiyo, mpaka Sentinel-1C iliporushwa Mwezi wa 12, 2024. Kisha ikakuja NISAR, ya Marekani na India pamoja, Mwezi wa 7, 2025, na Sentinel-1D Mwezi wa 11 wa mwaka ule ule. Hii inaonyesha faida ya kupatana: jicho la moja likifunga, la mwenzake linabakia wazi.

Migodi mbili, mwisho mbili

Tupeleke macho ku migodi ya wengine, juu ya kupima kama kuona kunatosha.

Bingham Canyon ni karieri kubwa ya shaba mu Utah, Marekani. Tangu Mwezi wa 2, 2013, vyombo vyenye vilisimamishwa ndani ya mugodi vilionyesha ukuta mumoja unatembea. Kila juma ulikuwa unaongeza mwendo. Tarehe 10 Mwezi wa 4 kampuni ilitosha watumikaji wote. Mangaribi, karibu saa tatu na nusu usiku, ukuta ukaanguka: mawe na udongo zaidi ya tani milioni 100. Malori na mashini kubwa za kuchimba zilizikwa. Watu wenye walikufa: hakuna. Hata mumoja hakuumia.

Brumadinho iko Brazili. Tarehe 25 Mwezi wa 1, 2019, ku saa ya chakula cha muchana, digue ya mugodi wa chuma ilipasuka. Matope ilimeza ofisi na nyumba ya kulia ya watumikaji, zenye zilijengwa chini yake. Watu 270 walikufa. Familia zinahesabu 272, sababu wamama wawili walikuwa na mimba. Sirene haikulia. Kisha miaka mbili, wafundi wa vyuo vya Uingereza walichukua mawimbi ya Sentinel-1, yenye ilikuwa ku intaneti bure, wakasema ilionyesha dalili karibu siku 40 mbele. Wafundi wengine walisema hapana, ile mwendo ilikuwa ya kawaida ya digue yenye kushuka polepole. Hawakupatana. Lakini kuko jambo moja lenye halina ubishi: mbele ya ile siku, hakuna mwenye alikuwa na kazi ya kusoma ile vipimo na kusema: leo watu wasikule pale.

Tofauti ya migodi hizi mbili haikuwa tu mu vyombo. Bingham kulikuwa mwenye kusoma kila siku, na mwenye kuwa na ruhusa ya kusimamisha kazi, na akaitumia. Jicho, midomo na mukono vilikuwa pamoja.

Somo la Goma

Mutu asiseme ile ni mambo ya wazungu. Tuko nayo hapa kwetu.

Mu Goma kuko nyumba ya kuchunga mulima wa moto, OVG. Mwaka wa 2020 musaada mukubwa wenye ilikuwa inapata uliisha. Kwa miezi mingi OVG ilikosa hata feza ya kulipa intaneti, na vipimo kutoka ku vyombo vya mulimani havikufika tena muzuri ku ofisi. Ilikuja kurudishiwa intaneti karibu Mwezi wa 4, 2021. Tarehe 22 Mwezi wa 5, Nyiragongo ikapasuka mangaribi, na karibu watu 30 wakakufa. Tuseme ukweli wote: wafundi wenye walichunguza kisha waliona kama mulima ulitoa dalili kwa muda mufupi sana, karibu dakika 40 tu. Hata intaneti ingekuwa ya kulipiwa siku zote, labda hakungekuwa onyo. Lakini inchi yenye iko na mulima wa moto juu ya muji mukubwa, na inashindwa kulipia intaneti ya wenye kuuchunga, haiwezi kusema imejitahidi.

Siku zenye zilifuata, radare za satelite zilisaidia sana. Zilionyesha udongo wa Goma unafunguka, na moto unatembea chini ya muji mpaka chini ya ziwa Kivu. Tarehe 27, gavana wa kijeshi alitoa amri, na watu karibu 400.000 wakaondoka na magodoro ku kichwa. Moto haukutoka mu muji. Wengine walirudi na kasirani: walitukimbiza bure, tulilala inje, watoto waligonjwa, vitu vikaibiwa.

Hasira ile inaeleweka, na tunapaswa kuichukua kama jambo la maana. Onyo lina bei, na bei ile inalipwa na ule mwenye kukimbia, haiko na ule mwenye kuonya. Tukisahau ile, tutatengeneza vyombo vizuri, na watu hawatasikiliza.

Mu migodi yetu

Mwezi wa 6, 2019, karibu na Kolwezi, ngazi za karieri moja ziliangukia ba-creuseur wenye walikuwa wanachimba chini yake. Zaidi ya 40 walikufa. Tuangalie mwezi: ilikuwa kiangazi, hapana mvua. Na tuangalie watu: waliingia bila ruhusa. Tuseme kulikuwa radare, na radare ikaona. Onyo lingetumwa kwa nani? Kwa watumikaji wenye majina ku liste ya kampuni. Ule mwenye aliingia usiku na tochi ku kichwa, jina lake haiko fasi yoyote. Hakuna nambari yake ya simu, hakuna shefu wake, hakuna sirene yenye inamuhusu.

Na hata angeambiwa, angetoka? Tuko tunaandikia watu wenye wanajua jibu. Ba-creuseur wanakuwaka na deni ya mwenye kulisha shimo. Kazi ya majuma tatu ya kutafuta mushipa wa madini, chakula, tochi, kamba, vyote vinaandikwa. Siku bila kushuka ni siku bila bukari ku nyumba. Ukimwambia «labda ukuta utaanguka mu siku kumi», anasikia tu «labda». Njaa haina labda.

Kuko pia wenye hawashuke ku shimo lakini wanaishi chini ya digue: wamama wenye mashamba pembeni ya mito, watoto wenye kuoga. Jirani zetu wa Zambia walipata ile tarehe 18 Mwezi wa 2, 2025, wakati digue ya kiwanda cha shaba karibu na Chambishi ilipasuka. Maji ya asidi ikaingia mpaka mu muto Kafue, samaki wakakufa, na muji wa Kitwe ukakatiwa maji ya robine. Upande wetu pia digue ziko, na vijiji viko chini yake. Je, shefu wa kijiji anajua digue yenye iko juu yake ilipimwa lini mara ya mwisho?

Jicho lile lile linatuona siye pia

Kuko woga moja yenye watu hawasemake mbele ya wakubwa, lakini wanaisema kati yao: hizi foto zitatusaidia ao zitatufukuza? Ni woga ya akili. Foto yenye inaonyesha ukuta unatembea inaonyesha pia fasi mupya yenye ba-creuseur wamefungua. Leo onyo, kesho polisi. Mupango wa Bruxelles uliandikwa juu ya kufungua vipimo kwa wote. Haukuandika nani atavitumia juu ya nani.

Lakini kabati ikifunguka, inafunguka kwa pande mbili. Sheria ya mine ya Kongo inasema mwenye shamba alipwe wakati kampuni inachukua fasi yake. Mara mingi ubishi ni huu: shamba lilikuwa pale mbele, ao watu walilima haraka kisha kusikia kampuni inakuja? Foto za Landsat za metre 30 ziko tangu miaka ya 1980, hata kama kwa Afrika ya zamani zile kuko matundu mengi. Sentinel-2, ya metre 10, inapiga foto tangu 2015. Nyumba ya majani hautaiona. Lakini shamba kubwa, pori lenye lilikatwa, muto wenye ulibadilika rangi, vinaonekana, na tarehe iko juu yake. Mwanasheria wa familia anaweza kuichukua bure, sawa vile mwanasheria wa kampuni. Kwa sasa ni upande mumoja tu wenye unajua.

Tuombe nini

Mukubwa wa Umoja wa Mataifa, António Guterres, alisema Mwezi wa 3, 2022 kama mbele ya mwisho wa 2027 kila mutu wa dunia awe amefunikwa na njia ya kupewa onyo mbele ya hatari. Ile ahadi inaangalia zaidi hatari za hali ya hewa na maji. Ukuta wa karieri hauko mu hesabu. Ni juu yetu kuuingiza, na hatuhitaji kungojea Genève kwa kila kitu.

Ya kwanza ni vipimo vya chini. Inchi za OMM zilipatana kama kila inchi iwe na kituo cha hali ya hewa kila kilometre 200 hivi. Kutoka Lubumbashi mpaka Kolwezi ni karibu kilometre 300. Hata tukifuata ile kanuni yote, vituo vitakuwa viwili, labda vitatu ku njia nzima. Na mvua ya Fungurume haiko mvua ya Kolwezi. Lakini chombo cha kupima mvua haiko kitu cha bei. Ni kopo lenye alama na mutu mwenye kuandika kila asubui. Kila kooperative, kila kambi, kila masomo pembeni ya digue inaweza kuwa nacho. Hesabu zile zikitumwa ku METTELSAT, watu wa serikali wenye kuchunga hali ya hewa, zinasaidia pia satelite kusema kweli, sababu jicho la juu linahitaji mutu wa chini wa kulisahihisha.

Ya pili ni mwenye kusoma. Vijana wenye wanamaliza masomo ya mine na ya jeolojia Lubumbashi wako, na wengi hawana kazi. Muji kama Kolwezi unapaswa kuwa na ofisi ndogo yenye kazi yake ni moja: kuchukua mawimbi ya radare kila inapopita, kuangalia kuta na digue zote, na kubandika matokeo ku mulango, mu Kiswahili, haiko mu Kifaransa tu. Somo la Goma liko wazi: mushahara wao na intaneti yao visitegemee musaada wenye utaisha. Makampuni inalipa kodi za mugodi ku inchi, ku provinsi na ku muji. Sehemu ndogo ya ile inatosha.

Ya tatu njo nguvu zaidi: mwenye kuwa na mukono. SAEMAPE iko kwa kusimamia ba-creuseur, inspecteurs wa mine wako kwa kusimamia makampuni. Nani kati yao anaweza kusema «shimo hili linafungwa leo», na akasikilizwa bila kuombwa kitu chini ya meza? Na siku zenye shimo limefungwa, nani anapika? Kooperative zinakatakaka feza ku kila mufuko. Tuanze kuuliza kama ndani ya ile feza kunaweza kuwa akiba ya siku za onyo: unga na mafuta kwa familia, na deni ya shimo isiongezeke ku siku zile. Bila ile, onyo litabakia karatasi. Nayo ile, mutu atapanda inje bila kuhesabu njaa ya watoto.

Satelite hazihitaji ruhusa yetu. Zitaendelea kupita juu ya Kolwezi, na Genève wataendelea na mikutano yao. Lakini mvua hii itaisha Mwezi wa 4, na ingine itaanza mbele ya mwisho wa mwaka. Kati ya hizo mbili kuko miezi sita ya jua. Ku mukutano wa kooperative, wa sendika ao wa kwartie, mutu mumoja asimame aulize mambo mbili: digue na ukuta wenye uko juu yetu, nani anaupima? Na akiona unatembea, atamwambia nani kati yetu, na ku nambari gani ya simu?